Osborne Hakuponzwa na Mdomo

Jina la Adam Osborne limegeuzwa kuwa jina la ugonjwa. Walimu wa biashara wakitaka kumkanya mtu asitangaze bidhaa mpya kabla hajaimaliza ya zamani, humwambia ajihadhari na athari ya Osborne. Kisa chenyewe husimuliwa kwa dakika mbili. Palikuwa na kampuni ya kompyuta huko California, mashine yake ikinunuliwa kama njugu. Mapema mwaka 1983 mwenye kampuni akashindwa kujizuia, akatangaza kwamba iko njiani mashine bora kuliko hiyo. Wateja wakaacha kununua iliyopo, wakakaa kuingoja ijayo. Maghala yakajaa, fedha zikakauka, na Septemba ya mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Mdomo ulimponza. Msikilizaji anaondoka na funzo moja: nyamaza.

Kisa hiki kimerudiwa kwa miaka arobaini hadi kimepata hadhi ya ukweli usiodaiwa ushahidi. Mimi nakipinga. Sikatai kwamba Osborne alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa hivyo, tena alijivunia. Ninachokataa ni kwamba maneno ndiyo yaliyoiua Osborne Computer Corporation. Iliuawa na washindani waliokuwa na mashine bora kwa bei ile ile, na soko zima lililoigeukia IBM. Zaidi ya hayo yote iliuawa na hesabu zake yenyewe, kwa maana haikujua inapata nini wala inapoteza nini. Anayelifundisha kosa la mdomo anawaficha wanafunzi wake kosa la daftari, na hilo la pili ndilo linaloua biashara kila siku.

Tuanze na mashine, maana wengi wanaoisimulia hadithi hii hawajawahi kuuliza ilikuwaje.

Osborne 1 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1981, katika maonyesho ya West Coast Computer Faire mjini San Francisco, ikaanza kuwafikia wanunuzi katikati ya mwaka huo. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Ilikuwa sanduku lenye mpini, umbo lake kama cherehani ya mkono iliyo ndani ya kasha lake. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi. Jaza maji ndoo ya lita kumi, uinyanyue, utakuwa umeinyanyua Osborne. Unaiweka mezani, unafungua kifuniko, na kifuniko chenyewe ndicho kibodi. Mbele yako panatokea kitu kama uso: tundu la diski kulia, jingine kushoto, chini ya kila moja mfuko wa kuwekea diski za ziada, na katikati kioo.

Hicho kioo ndicho cha kutazama kwa makini. Kilikuwa inchi tano kutoka pembe hadi pembe. Ipime kwa rula simu uliyonayo mfukoni, yaelekea inakizidi. Mstari mmoja ulibeba herufi 52, ilhali wengi waliokuwa wakinunua kompyuta kwa kazi ya ofisi walitaka 80. Mbunifu wake akatafuta njia: kumbukumbu ya mashine ilishika ukurasa wenye upana wa herufi 128, na kioo kikawa dirisha tu la kuchungulia ukurasa huo. Unabonyeza vitufe, dirisha linasogea kulia, unasoma mwisho wa sentensi. Unalirudisha kushoto, unaanza mstari unaofuata. Betri haikuwamo. Kubebeka kwake kulikuwa kubebeka kutoka soketi moja hadi nyingine.

Mbunifu huyo aliitwa Lee Felsenstein. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mikutano ya Homebrew Computer Club, mahali walipokutana vijana wa California waliojitengenezea kompyuta wenyewe, na alikwisha kubuni Sol-20 ya kampuni ya Processor Technology. Alipewa masharti magumu na akayatimiza: mashine iingie chini ya kiti cha ndege, istahimili kubebwa, na itengenezwe kwa vipuri ambavyo tayari viko sokoni kwa bei rahisi. Kioo kile kidogo kilichaguliwa kwa sababu hizo. Osborne aliamini kwamba kinachotosha kinatosha. Watu walimcheka kwa imani hiyo, kisha wakapanga foleni kununua.

Walipanga foleni kwa sababu ya kitu ambacho hadithi ya mdomo hukiruka kabisa, nami nitakaa hapo kidogo. Mwaka 1981 kununua kompyuta kulikuwa mwanzo wa gharama. Mtu alibeba mashine hadi nyumbani, akagundua kwamba haifanyi lolote, akarudi dukani kununua programu moja moja kwa bei ya kuumiza, na nyingine zikakataa kufanya kazi kwenye mashine yake. Osborne alitia programu ndani ya bei. Ndani ya kasha ulikuta CP/M, mfumo endeshi wa Digital Research ya Gary Kildall; WordStar ya MicroPro kwa kuandikia; SuperCalc ya Sorcim kwa hesabu za safu na nguzo; na lugha mbili za BASIC, moja ikiwa ya Microsoft. WordStar peke yake iliuzwa madukani karibu dola 500. Ukizijumlisha zote kwa bei za dukani, zilikaribia dola 1,500. Mnunuzi alilipa 1,795 akaondoka na programu zenye thamani karibu sawa na mashine nzima.

Aliyapataje hayo? Alizungumza na wenye programu akawaambia wampe leseni kwa bei ndogo, naye atawauzia nakala nyingi kuliko walivyowahi kuota. Na pale ilipobidi akawaongezea hisa za kampuni yake. Mdomo huu huu tunaoambiwa ulimuua ndio uliowashawishi. Ulikuwa mtaji wake wa kwanza.

Wala haikuwa bahati kwamba wazo hilo lilimjia yeye. Osborne hakuwa mtu wa maabara za kompyuta. Alizaliwa Bangkok mwaka 1939, baba Mwingereza na mama Mpolandi, akalelewa Tiruvannamalai kusini mwa India, ambako wazazi wake walikuwa wafuasi wa mwalimu wa kiroho Ramana Maharshi. Baba yake, Arthur Osborne, ni mwandishi anayejulikana kwa vitabu vyake juu ya mwalimu huyo. Mtoto akasoma uhandisi wa kemikali Birmingham, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Delaware, kisha akaiacha kemia akaanza kuandika vitabu vya kuwaelezea watu kompyuta ndogo. Vilinunuliwa sana, hata McGraw-Hill ikainunua kampuni yake ya uchapishaji mwaka 1979. Alikuwa mwandishi aliyewajua wasomaji wake. Alijua kwamba mtu wa kawaida hataki kompyuta. Anataka kuandika barua na kujua amebakiwa na fedha kiasi gani. Asiyejua chanzo hicho ataona mtu aliyeropoka. Anayekijua ataona mtu aliyekuwa mbele ya wahandisi wengi wa zama zake.

Sasa tuje kwenye mashtaka.

Wanaodai kwamba tangazo liliua kampuni wanategemea neno moja, kungoja. Mteja aliisikia mashine mpya, Osborne Executive, akaahirisha kununua Osborne 1. Haya, tukubali aliahirisha. Mtu anayengoja hurudi. Executive haikuwa ndoto iliyobaki kwenye karatasi. Ilitoka kiwandani na kuuzwa mwaka huo huo wa 1983, miezi kadhaa kabla kampuni haijaenda mahakamani. Kama maelfu ya watu walikuwa wamekaa na fedha mkononi wakiingoja, hiyo ndiyo ingekuwa siku yao. Walikuwa wapi? Hawakuwa wakingoja. Walikuwa wamekwisha kuondoka, na tunajua walikokwenda.

Wengine walikwenda Kaypro. Huko Solana Beach, California, kulikuwa na mhandisi aliyeitwa Andrew Kay, mwenye kampuni ya Non-Linear Systems, aliyepata jina miaka ya 1950 kwa kutengeneza kipima volteji cha tarakimu. Mwaka 1982 alitoa kompyuta ya kubeba, Kaypro II. Sanduku lake lilikuwa la chuma, zito kidogo zaidi. Kioo inchi tisa. Mstari wa herufi 80, mzima, bila kusogeza dirisha. Diski zilizobeba data mara mbili ya diski za Osborne. Ndani ya kasha, programu, kwa wazo lile lile la Osborne. Bei: dola 1,795.

Bei ni ile ile, hadi dola ya mwisho. Mfikirie mnunuzi wa mwishoni mwa 1982 aliyesimama dukani na fedha hizo. Upande huu kioo ambacho hawezi kusoma sentensi nzima bila kubonyeza vitufe. Upande ule kioo karibu mara mbili yake kwa upana. Anahitaji kusikia tangazo gani ili aamue? Hakuna mtu nchini Marekani aliyekuwa amelisikia jina la Executive wakati Kaypro II ilipoanza kuwavuta wateja hao. Na Executive yenyewe ilipofika, kioo chake kilikuwa inchi saba, bei yake zaidi ya dola 2,000. Yaani mteja anayesemekana aliingoja alikuwa akingoja kulipa zaidi apate kioo kidogo kuliko ambacho angekibeba jioni ile kwa bei nafuu. Mimi simwoni mteja huyo. Sijawahi kumwona dukani popote.

Wengine waliifuata IBM. Kompyuta yake ilitangazwa Agosti 1981, wiki chache tu baada ya Osborne 1 kuanza kuuzwa, na kila mwezi uliopita waandishi wa programu waliihamia. Mashine za CP/M, Osborne zikiwamo, zilikuwa na kichakato cha Z80 cha biti 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 64. IBM ilikuwa na nafasi ya kukua. Novemba 1982 kampuni changa ya Houston, Compaq, ikatangaza kompyuta ya kubeba iliyoendesha programu za IBM, na Machi 1983 ikaanza kuifikisha madukani. Ilikuwa ghali, dola 2,995. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 53,000, na mapato ya kampuni yakawa dola milioni 111. Executive iliingia sokoni wakati huo huo ikiwa bado na Z80 na bado na CP/M. Hata kama Osborne angekuwa bubu tangu kuzaliwa, mashine hiyo ingekutana na Compaq mlangoni.

Ninawapa wapinzani wangu haki yao. Mapema 1983 Executive ilionyeshwa kwa waandishi wa magazeti ndani ya vyumba vya hoteli, kwa masharti kwamba wasichapishe chochote hadi Aprili, na habari zikavuja. Mawakala walifuta oda za Osborne 1. Haya yaliandikwa na watu waliokuwapo, sina sababu ya kuyakataa. Tangazo liliuma. Lakini wakala hafuti oda kwa kusikia habari tu. Anafuta pale bidhaa iliyojaa rafu zake inapokuwa imekwama tayari. Angekuwa anaziuza kwa kasi ya mwaka uliotangulia, angeagiza nyingine na kungoja mpya ifike. Julai 1983 bei ya Osborne 1 ilishushwa hadi dola 1,295. Kushuka huko ndiko Kaypro ilikokuwa imekulazimisha tangu siku ilipoweka mashine yake kando ya Osborne kwa dola 1,795.

Tufungue sasa vitabu vya hesabu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Waswahili wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui kampuni nyingine iliyouishi msemo huo kwa ukamilifu kama hii ya Hayward, California. Mwanzoni mwa 1981 haikuwa imeuza hata mashine moja. Ilipofikia kilele ilikuwa ikitoa mashine 10,000 kwa mwezi. Kati ya nukta hizo mbili ilibidi iajiri, ipange viwanda, idai mawakala, ilipe wauza vipuri, itengeneze mashine zinazorudishwa na kasoro, na ijue kila Ijumaa imesimama wapi. Haikujua. Januari 1983 Osborne mwenyewe aliachia uongozi wa kila siku, akaletwa Robert Jaunich kutoka Consolidated Foods, kampuni ya vyakula, kwa sababu wenye mitaji walitaka mtu wa mashirika makubwa. Kampuni ilikuwa ikijiandaa kuuza hisa kwa umma, na kila mtu ndani yake aliamini itaonyesha faida. Hesabu zilipokaguliwa, faida hiyo ikayeyuka ikawa hasara. Zilipokaguliwa tena, hasara ikakua. Tena, ikakua zaidi. Mauzo ya hisa yakafutwa, na fedha ambazo zingeinunulia kampuni muda wa kutengeneza mashine inayopatana na IBM hazikuja.

Ninaomba msomaji akae na jambo hilo. Kampuni inayouza mashine kwa maelfu haikuwa na uwezo wa kujua kama kila mashine inayotoka mlangoni inaleta fedha au inazichukua. Bidhaa zilizokaa ghalani zilihesabiwa vibaya. Madai hayakuingizwa kwa wakati. Tangazo la Executive halina uhusiano na makosa hayo. Yalikuwamo ndani ya vitabu kabla ya mwandishi wa kwanza kuitwa hotelini.

Yapo pia masimulizi ya watu waliozijua mashine hizo kwa karibu, yakasambaa zaidi mwaka 2005. Wanasema kwamba baada ya akiba ya Osborne 1 kupungua na Executive kuanza kwenda vizuri, makamu mmoja wa rais wa kampuni aliona ghalani mazabodi za zamani, zile bodi kuu za saketi, zenye thamani ya dola 150,000. Akaona uchungu kuzitupa. Ikaamuliwa zikamilishwe ziwe Osborne 1 kamili. Zikahitajika skrini, diski, kumbukumbu, na makasha ya plastiki ambayo uzalishaji wake ulikuwa umesimama. Kuokoa 150,000 kukala milioni mbili. Sikuwapo, nayapokea kama masimulizi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara anaitambua harufu hiyo. Kosa la aina hiyo huzaliwa pale ambapo mtu anaiona mali iliyo mbele ya macho yake na haoni gharama iliyo mbele ya mali hiyo, kwa sababu hakuna daftari la kumwonyesha.

Tarehe 13 Septemba 1983 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka uliofuata Osborne, akishirikiana na John Dvorak, alitoa kitabu juu ya kuinuka na kuanguka kwa kampuni. Kichwa chake kinataja ukuaji uliopita kiasi. Mwenyewe alikwisha kuupa ugonjwa wake jina lake halisi, na dunia ikachagua jina jingine.

Kama kutangaza mapema kunaua, na tuwahesabu wafu. IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360 Aprili 1964, mwaka mzima kabla ya mteja wa kwanza kupokea yake, na ikatawala soko kwa miaka mingi baadaye. Apple ilitangaza Apple III Mei 1980 kama mrithi wa Apple II. Apple III ikaharibika jina kwa kasoro zake, na Apple II ikaendelea kuuzwa kwa muongo mzima na kulisha kampuni kwa miaka mingi. Juni 2005 Steve Jobs alisimama jukwaani akasema Macintosh zote zitahamia vichakato vya Intel, mashine za kwanza zikiwa bado miezi kadhaa mbele. Wachambuzi wakalitoa jina la Osborne kabatini, wakasema sasa nani atanunua Mac ya zamani? Watu walinunua. Mauzo ya Mac yalipanda mwaka ule na mwaka uliofuata. Na Novemba 1983, miezi miwili tu baada ya Osborne kwenda mahakamani, Microsoft ilitangaza Windows. Ilichukua miaka miwili kuifikisha dukani. Microsoft ipo.

Wahesabu na waliokufa kimya. Vector Graphic, Morrow, Cromemco: kampuni zilizojengwa juu ya CP/M, na kabla muongo haujaisha kila moja ilikuwa imefilisika au imeuzwa. Kaypro, iliyomshinda Osborne, nayo ikaishia mahakamani mwaka 1990. Je, wote hao waliropoka? Tufani ilipita msituni ikaangusha miti yote ya aina moja, nasi tumeuchagua mti mmoja tukasema huu ulianguka kwa sababu ya kupiga kelele.

Kwa nini basi hadithi hii haifi? Ni fupi, hilo la kwanza. Inatosha kwenye slaidi moja. Ina mkosaji mmoja mwenye lafudhi ya Kiingereza, masharubu na majigambo, ambaye wenzake walikuwa wamechoka kumsikiliza. Nadhani pia inawafaa wasimamizi. Ukisema kampuni iliponzwa na mdomo wa mwanzilishi, hakuna anayemwuliza mhasibu alikuwa wapi, hakuna anayeiuliza bodi ilisoma nini kabla ya kuidhinisha, na hakuna anayewauliza wenye mitaji kwa nini walisukuma mauzo ya hisa za kampuni ambayo hesabu zake hazijafungwa. Kosa likibebwa na ulimi wa mtu mmoja, mikono ya wengine wote inakuwa safi.

Osborne hakupona na jina hilo. Mwaka 1984 alianzisha Paperback Software, akauza programu kwa bei ya vitabu vya jalada laini, wazo la mwandishi tena. Kampuni ya Lotus ikaishtaki Paperback mwaka 1987 kwa kuuza programu iliyofanana na programu ya hesabu ya Lotus, na mwaka 1990 mahakama ikaipa Lotus ushindi. Afya ikamwacha. Akarudi India, akafa Kodaikanal Machi 2003. Mtu wa kwanza kufanikiwa kuuza kwa wingi kompyuta ya kubeba, aliyeziweka programu ndani ya kasha ili mwananchi afungue na kuanza kazi, anakumbukwa kwa kosa ambalo halikuiua kampuni yake.

Ningeweza kuliacha hapo, kama ni suala la heshima ya marehemu mmoja wa mbali. Nisingeandika yote haya kwa ajili hiyo tu. Ila funzo hili limesafiri.

Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye semina ya wajasiriamali wadogo hapa Dar es Salaam. Mkufunzi alikisimulia kisa cha Osborne vizuri, ukumbi ukacheka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: USITANGAZE. Wakati wa chai alinisogelea dada mmoja anayeshona sare za shule. Alikuwa ameacha kunywa chai yake. Mwaka uliotangulia alikuwa amewaonyesha walimu wakuu wa shule mbili sampuli ya sweta mpya, nzuri zaidi, kabla hajamaliza sketi na mashati aliyokuwa nayo dukani. Shule zote mbili hazikurudi.

"Kaka," akaniuliza, "kwa hiyo mimi ndiye niliyejiharibia?"

Nikamwambia sijui. Nikamwuliza sketi moja inamgharimu kiasi gani hadi inapotoka mikononi mwa fundi.

Akatoa kauntabuku kwenye mkoba, jalada lake jekundu limechakaa pembeni, akaifungua juu ya meza kati ya vikombe. Ilikuwa imepangwa kwa mkono mzuri. Jina la shule, idadi ya sare, fedha iliyolipwa, nyota ndogo pembeni kwa waliokopa. Akashuka na kidole mstari kwa mstari, akafungua ukurasa wa nyuma, kisha wa nyuma zaidi. Bei ya kuuzia ilikuwa kila mahali. Kitambaa, uzi, zipu, ujira wa fundi, nauli ya kwenda Kariakoo: havikuwamo, hata kwenye ukurasa mmoja. Mkufunzi akapiga makofi kutuita ndani. Dada yule hakuinuka. Alifungua ukurasa mpya, akautazama kidogo.

"Kaka, niazime kalamu."